Chuma Hakipandi Sakafuni

Jumatano, 4 Juni

Sakafu yetu ya kuanikia mpunga ilikuwa ya marubani wa vita. Ndivyo alivyosema Ade, kwa pumzi moja, hata shikamoo hakutanguliza. Mtoto niliyemfundisha adabu mimi mwenyewe. Nilikuwa katikati ya kugeuza, naburuza miguu kwenye mpunga, simu nimeibana kwa bega. Nikasimama palepale. Nikamwambia rudia. Akarudia.

Wakati wa vita vya Hitla vijana wa Kizungu waliletwa huku bondeni kujifunza kurusha ndege. Kituo kizima. Mabanda ya ndege, nyumba za walimu, jiko, kisima. Vita vilipokwisha wakafungasha, wakaacha masakafu porini. Mengine wasaka chuma chakavu waliyavunja zamani wakitafuta nondo. Hii moja ikabaki. Sisi miaka yote tunajua ni ya mapadri.

Profesa wake anakuja Jumamosi ya tarehe 14 aione kwa macho yake. Anakuja na watu wawili wa mambo ya kale. Watalala Ifakara, watakula kwangu.

Kufika saa sita waanikaji wote walikuwa wanajua. Sikujivuna. Nilisema tu kwamba mwanangu ndiye aliyegundua historia ya bonde hili na chuo kizima kinamsubiri. Hapo kwenye chuo kizima nimeongeza mimi. Ndiyo maana naandika humu. Kwa mdomo natia chumvi. Kwenye karatasi mkono unachoka kabla chumvi haijafika.

Ijumaa, 6 Juni

Watu wananiuliza kama Ade akimaliza ataweza kutibu presha. Nimechoka kueleza. Si udaktari wa sindano. Ni ule wa kusoma historia mpaka walimu wenyewe wanaanza kukuita daktari. Adelina wangu, kifungua mimba. Darasa lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na yeye ndiye aliyekuwa anasahihisha ubao.

Amenipigia tena, sasa taratibu. Sakafu ni duara. Mistari inatoka katikati mpaka ukingoni, kama keki ya kipaimara ilivyokatwa, na mwisho wa kila mstari kuna namba imechimbwa kwenye saruji. Ndege ilikuwa inasukumwa mpaka katikati, inaelekezwa mstari huu, halafu ule, mwalimu anakagua kama dira yake inasema kweli. Dira ikidanganya, kijana anapotelea juu ya misitu.

Mistari hiyohiyo ndiyo mipaka yetu. Kila mwanamke ana kipande chake. Changu nimerithi kwa mama. Kulia kwangu Bibi Skolastika, mkubwa wetu wote. Kushoto Mama Holo, Msukuma, alikuja na mumewe na ng'ombe, akapewa kipande cha marehemu shangazi yangu. Juu ya mstari hatuweki mpunga. Tunaacha njia ya upana wa mguu, supa ya mtu isiingie kwenye saro ya mwenzake, maana kila mbegu ina bei yake.

Sasa jambo lenyewe. Profesa hajaamini. Makaratasi ya Wazungu yanataja kituo bondeni, hayasemi wapi hasa. Ade ana picha ya namba moja tu, aliyoipiga Pasaka kwenye ukingo aliokwangua tope kwa mkono, maji yalikuwa hayajashuka. Profesa anasema namba moja inaweza kuwa kitu chochote. Akiliona duara lote, kazi ya Ade inapita. Asipoliona, atafute kitu kingine cha kuandika, aanze upya.

Akaniomba nimpigie picha ya Sakafu yote. Nikasema subiri. Imejaa pumba na nyufa, na mpunga umeifunika. Siwezi kumwonyesha profesa Sakafu ya hivyo. Ngoja niitengeneze kwanza.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa walinizunguka. Nilidhani ni pongezi. Nikaiweka sawa kanga.

Mama Holo ndiye aliyeanza. "Mama Ade, hao wa mambo ya kale wakishaiona, wanafanya nini?"

Nikasema wataandika, watapiga picha, watakula wali wangu, watarudi.

"Huwa wanaanza hivyohivyo. Anakuja mtu na kofia, anapima, anakunywa maji yako, anakushukuru. Mwezi unaofuata kuna bango." Alisema akiwa ametulia kabisa. Alikotoka alihamishwa hivyo. "Wakiweka uzio, mpunga wangu nauanika kwenye paji la uso wa Adelina?"

Wakacheka. Mimi pia nilicheka, ila njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu maturubai.

Hakuna sakafu nyingine. Wenye maturubai ni wachache. Ukianika chini kwenye udongo, mpunga unaokota mawe, na mnunuzi akiuma jiwe moja tu anashusha bei ya gunia zima. Sakafu ndiyo shule za watoto wetu. Hata Ade alisoma kwa Sakafu hii.

Nimemuuliza Baba Ade. Alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Akasema sijui. Mume wangu akisema sijui, huwa ana wazo baya ambalo hataki kulitoa.

Jumatatu, 9 Juni

Leo tumefanya kazi kubwa. Mgongo hauna mwenyewe.

Mpunga wote tumeukusanya kwenye magunia. Tumefagia, tumemwaga maji, tumesugua. Halafu nikamwita Ditriki, mtoto wa dada yangu, fundi anayeheshimika mpaka Mchombe. Nilikuwa na saruji iliyobaki kwenye chumba tunachomjengea Ade. Nikaitoa yote. Ditriki akakoroga uji mzito, sisi tukasambaza kwa mafagio, yeye nyuma na mwiko anasawazisha, anapiga niru. Kila ufa umezibwa. Kila kishimo. Sakafu imelala kama kioo, unaona kivuli chako.

Wanawake walisaidia hata wale wenye wasiwasi. Mgeni akija, nyumba inapigwa niru. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Bibi Skolastika tu. Alisimama nje ya duara akampigia kelele Ditriki atoke na mwiko wake. "Chuma hakipandi Sakafuni." Kanuni yake hiyo ya tangu tuko wasichana. Jembe unaacha nje. Panga nje. Sufuria ya uji nje, ukinywa unatoka. Hata pini ya kitenge alikuwa anakuvua. Tunamheshimu, tunafuata, lakini leo nilikuwa na haraka. Nikamwambia Bibi, hakuna niru ya mwiko wa mti. Akaniangalia. Akafunga kanga yake akaenda nyumbani. Hakuaga.

Nitamwona wiki ijayo. Atafurahi akiona wageni.

Jumanne, 10 Juni

Niru imekauka vizuri. Nimechukua simu ya Baba Ade, nikapanda kwenye ngazi ya Ditriki, nikapiga picha, nikamtumia Ade. Sakafu nzima. Inang'aa.

Amesoma. Alama zimegeuka buluu. Hajajibu.

Labda yuko kwenye kikao.

Saa kumi na moja bado hajajibu.

Jumatano, 11 Juni

Alisema, "Mama, mistari iko wapi?"

Nikasema ipo. Nikaenda kuangalia huku simu iko sikioni. Nikazunguka ukingo wote. Namba hamna. Mistari hamna. Tupu, safi, kama sahani.

Nimeziba mistari. Mimi. Kwa saruji yangu. Kwa mkono wa mtoto wa dada yangu. Niliiona ni nyufa zilizonyooka.

Hapana, hiyo si kweli. Nilijua ni mistari. Nimeikanyaga tangu sijaota meno ya ukubwani. Ila niliona fagio linapita, niru inapendeza, nikasema moyoni wageni wataona usafi kwanza. Sijui kichwa changu kilikuwa wapi.

Ade hakugomba. Alisema sawa mama. Mara mbili. Sawa mama. Angenifokea ningepumua.

Baba Ade kaja kutazama. Kapapasa niru kwa kiganja halafu akasema, "Umeipaka wanja mpaka macho yamezibika." Nilitaka kumrushia kandambili. Ni kweli lakini.

Sahani yangu nimewapa kuku.

Alhamisi, 12 Juni

Ditriki kaja na tindo na nyundo. Kajaribu mahali tulipodhani pana mstari. Si hapo. Akajaribu pembeni. Tindo likaingia mpaka saruji ya zamani, kikabanduka kipande kikubwa kama kiganja. Nikamwambia acha. Alikuwa anatokwa na jasho mpaka kidevuni. Anasema Mamdogo, nikiendelea kubahatisha nitavunja hicho hicho unachokitafuta.

Wakati huohuo magunia yanapata joto. Ukiingiza mkono katikati, mpunga una vuguvugu. Siku mbili tatu hivi utaanza kunuka. Kwa hiyo wanawake wakamwaga leo, kila mtu kwa haraka, anapopaona panamfaa. Bibi Skolastika hakuja kusimamia. Mistari hakuna. Ugomvi ukaanza hata jua halijapanda.

Mama Holo anasema nimeingia kwake. Nikasema kwako wapi, onyesha mpaka. Akasema, "Si umeula wewe mpaka." Watu wakaguna.

Halafu mchana nikasikia wengine wananong'ona kwenye kivuli cha mashine ya kukoboa. Kwamba imekuwa heri. Profesa akikuta niru atageuza gari. Hakuna bango, hakuna uzio, Sakafu inabaki yetu.

Niandike ukweli maana hapa hakuna anayesoma. Na mimi moyo wangu uliruka kidogo. Kwa kitambo kifupi nilisema asante Mungu. Kisha nikamwona Ade na madaftari yake, na miaka yake yote hiyo, nikaona haya peke yangu, nimeshika reki ya mti katikati ya mpunga.

Nikiiokoa kazi ya mwanangu, huenda nikawaua wenzangu. Nikiwaokoa wenzangu, nimemzika mwanangu. Na aliyelileta lote ni mimi na sifa zangu.

Ijumaa, 13 Juni

Ade amemwomba profesa asogeze siku. Amesogeza wiki moja, basi. Baada ya hapo anasafiri. Akija akakuta sakafu tupu, sura nzima ya kituo inakatwa, na kazi bila sura hiyo haisimami.

Ade anakuja Jumatatu kwa basi.

Nimeulizwa njiani kama wageni wanakuja kesho. Nimesema wamesogeza, wana shughuli za serikali. Chumvi.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda kwa Bibi Skolastika na kambale mkavu na unga. Nikapiga goti, nikaamkia. Alikuwa anachambua mboga. Hakunitazama mpaka alipomaliza fungu zima.

Akasema, "Wewe unajifanya Sakafu ni ya kwako kwa sababu mtoto wako anajua kusoma."

Nikasema nimekosa, Bibi.

"Mama yako alikuwa mbishi lakini hakuwahi kupandisha chuma."

Nikasema nimekosa.

Akapokea kambale. Akamnusa. Akasema atakuja kesho kumsalimia mjukuu wake, si kwa ajili yangu. Nimekubali. Nimerudi nimechoka kama nimelima.

Jumatatu, 16 Juni

Amefika. Amekonda. Nimemkumbatia nikasahau maneno yote niliyopanga. Alicheka kidogo akaniambia, "Mama, hujambo fundi?" Nikalia hapo hapo stendi, watu wanatazama.

Hakutaka hata kula. Tukaenda Sakafuni. Akavua viatu akatembea juu ya niru, kati ya marundo ya mpunga, polepole, anapapasa kwa nyayo. Wanawake wamesimama kwenye vipande vyao, wengine wanamsalimia, wengine wanainama kugeuza mpunga. Mimi nilikuwa nyuma yake kama mshtakiwa.

Bibi Skolastika akaja na fimbo yake. Ade akaenda kumwamkia. Kabla hata ya marahaba Bibi akanyoosha fimbo kwenye ile chupa ya maji ya chuma Ade aliyoning'iniza begani. "Toa hiyo. Na mkanda. Chuma hakipandi Sakafuni."

Ade akavua vyote, akaviweka nje. Kwa adabu. Kisha akauliza, "Bibi, kwa nini hakipandi?"

Hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza. Tuliambiwa, tukafuata. Mimi siku zote nilidhani ni kuzuia tusikwaruze.

Bibi akasema ni neno la baba yake. Baba yake alikuwa kijana wa kusukuma ndege. Hilo tulishalisikia, tulidhani ni ngano zake za uzeeni, ndege za mapadri. Anasema walikuwa wanaishika mkiani na mabawani, wanaisukuma mpaka katikati ya duara. Na kabla hawajakanyaga, mzungu mmoja anasimama ukingoni na sanduku la mbao. Wanatia humo visu, funguo, vibiriti vya bati, vifungo vya mikanda. Hata rozari yenye msalaba wa chuma. Mzee alikuwa analalamika mpaka anakufa kwamba walimvua Yesu ili ndege izunguke. Aliporudi kulima, sakafu imeachwa, akawaleta wake zake kuanika hapo, na kanuni akaileta pamoja nao. Walipokaribisha majirani, wakawapa na kanuni.

Ade akakaa chini. Juu ya niru, na sketi yake nyeusi.

Akasema chuma kinaivuta dira. Kisu kimoja mfukoni kinatosha. Ndiyo maana duara la namna hii halijengwi na nondo ndani. Na ndiyo maana wasaka chuma chakavu waliacha hii wakavunja nyingine, hawakukuta kitu cha kuuza.

Akamwangalia Bibi. "Umelilinda hili miaka yote, Bibi."

Bibi akasema, "Ningelilinda mpaka leo kama si mama yako."

Wote walicheka. Nimestahili.

Jumanne, 17 Juni

Sijui niandike kwa mpango gani. Nitaandika ilivyokuja.

Asubuhi Ade aliwaambia wanawake ukweli wote. Kwamba hajui kama serikali itaweka uzio. Hawezi kuahidi. Anaweza tu kuandika kwamba hili duara limebaki kwa sababu ya kuanika mpunga, na kumwonyesha profesa mpunga ukiwa juu yake, si Sakafu tupu. Mtu atakayeandika bango aone kwanza inafanya kazi gani. Akasema mkikataa, nitampigia simu leo asije. Sakafu ni yenu kabla haijawa sura ya kitabu changu.

Sikumtuma aseme hivyo. Ningeulizwa ningemzuia.

Kisha Mama Holo akauliza kama siku hiyo na wao wataruhusiwa kusema, au watapikia tu. Ade akasema watasema. Mama Holo akasema, "Basi mimi nitaanza, na asinikatishe mtu mwenye kofia." Akabeba gunia lake.

Hapo Bibi Skolastika akachukua usukani. Akawaamuru wasogeze mpunga wote pembeni, waanze upya. Akaenda katikati ya duara akasimama. Hakutazama chini hata mara moja. Akatazama mbali. Akasema, "Njia yangu inatazama pengo la mlima." Akatembea anaburuza mguu kuelekea Udzungwa mpaka ukingoni. Kisha akamwita mwingine. Njia ya Mama Holo inatazama mnara wa simu, zamani kabla ya mnara palikuwa na mvule. Nyingine inatazama kigango. Nyingine mdomo wa barabara ya Michenga. Kila mmoja alijua yake, ila Alhamisi ile kwa haraka na hasira hakuna aliyesimama katikati akaitazama. Mama zetu walitufundisha hivyo, nasi tukamfundisha Mama Holo, kwa sababu msimu wa vumbi la pumba mistari ilikuwa haionekani hata kidogo, na mpunga lazima uanikwe.

Tukamwaga. Tukasambaza kwa miguu. Tukaacha njia, upana wa mguu, kama siku zote.

Ditriki akamsimamishia Ade ngazi kwenye paa la mashine ya kukoboa. Akapanda. Mimi chini nimeshika ngazi, naona visigino vyake tu. Nikamuuliza unaona nini. Hajibu. Nikauliza tena.

Akasema, "Mama, lipo lote."

Duara la mpunga, la dhahabu, na mistari ya niru ya kijivu inatoka katikati. Nimeliona baadaye kwenye simu yake. Sitalisahau.

Akashuka na dira yake ndogo, kwanza akamwomba ruhusa Bibi, maana ina sindano ya chuma. Bibi akafikiri sana. Akasema hiyo ndiyo mwenye nyumba, ipande. Ade akapita njia moja moja, anapima, anaandika. Zote zimekaa sawa. Zimepishana kama zilivyotakiwa kupishana. Mpaka alipofika kwangu.

Akarudia kupima. Akakohoa. "Mama, hapa kwako kumepinda."

Nikasema haiwezekani.

"Kuelekea kwa Mama Holo."

Wanawake walilegea kwa kicheko, wengine walikaa chini. Mama Holo hakucheka. Alisimama mikono kiunoni, anaangalia mnara wake wa simu, kama mtu aliyeshinda kesi ya miaka. Mimi nasema hivi: sijui kama niliyepinda ni mimi au ni mama yangu. Kidogo kidogo mguu unasogea. Nimechukua reki nikarudisha mpunga wangu mwenyewe, mbele ya wote, mpaka Bibi aliposema hapo hapo.

Jumatano, 18 Juni

Sasa tunajua mistari ilipo. Ditriki kaja bila tindo. Bibi kamkagua mifuko mlangoni, yaani ukingoni. Kamtoa funguo na kipima urefu.

Mwisho wa njia ya Bibi wakaloweka maji, wakasugua kwa kipande cha tofali na kibao cha mninga. Niru haikuwa imeshika sana, vumbi la pumba lilibaki chini yake, tulifagia ovyo ovyo kumbe. Ikabanduka kama ganda la yai. Chini ikatoka namba. Nzima. Na mstari wake.

Ade aliigusa kwa kidole. Akasema tufungue mbili tatu tu, kila upande wa duara moja. Zingine zibaki chini ya niru, zitafunguliwa na watu wenye brashi zao.

Mimi niliona namba ileile ninayoiona tangu utoto, nikaifuta tena kwa upindo wa kanga.

Bado naogopa. Jana nilikuwa na furaha, leo hofu imerudi imekaa pale pale. Mama Holo ananiuliza kila tukikutana, "Bango halijafika?" Ananitania, lakini anauliza kweli. Profesa anaweza kusema mpunga si ushahidi. Wale wawili wanaweza kupenda mno, wakafunga. Ade halali vizuri, namsikia anajigeuza. Hakuna ninachoweza kumpikia kikamsaidia.

Leo kwenye misa ya asubuhi niliulizwa habari za wageni. Nikasema wanakuja, hatujui watasemaje. Basi. Sikuongeza neno. Yule mama akanishika paji la uso kuona kama ninaumwa.

Alhamisi, 19 Juni

Jua zuri. Mpunga unalia ukiutembeza, maana yake umekaribia kukauka.

Tumekubaliana hakuna atakayekusanya wa kwake kabla wageni hawajaona. Umekauka, haujakauka, unabaki. Hata Mama Holo ambaye mnunuzi wake alitaka kupakia kesho. Amemwambia asubiri. Sikumwomba.

Ade yuko barazani anachambua mchele pamoja na baba yake. Baba yake ametengeneza sanduku la mbao. Sikumwona akilitengeneza, nimeliona tu limeisha, limepigwa msasa. Hakutumia msumari hata mmoja, ameliunga kwa vigingi vya mti. Anasema litakaa ukingoni. Profesa atatia humo funguo zake za gari, na hao wengine kofia zao kama zina vifungo.

Bibi Skolastika ndiye atakayelishika.

Nimefagia njia yangu. Imenyooka. Inatazama mkuyu wa kisima cha zamani, kile cha kituo, na kipande cha Mama Holo kimerudi ukubwa wake.

Tutakuwa pale wote, kila mtu kwenye kipande chake, bila chuma. Ni keshokutwa, Jumamosi.